Mzee Asiyekaa Kwenye Picha

Jumamosi, 7 Juni
Msimu wa harusi umefunguka na mimi tayari nimeshagombana na watu. Bwana harusi wa leo alisema atatoka saluni saa nne. Alitokea saa saba, anatabasamu, jua limesimama utosini, na bi harusi akipigwa picha macho yanakuwa mashimo mawili meusi. Wakiziona watasema mimi, Fides, sijui kupiga.

Nawaambia kila mwaka. Nipeni ratiba ya kweli, siyo ratiba ya kamati. Nipeni mtu mmoja anayezijua sura za ukoo wenu asimame ubavuni mwangu awaite kwa majina, maana nikipaza sauti mimi, "ndugu wa bwana harusi njooni mbele", wanakuja mpaka madereva wa malori waliosimama kuangalia. Watu wanachagua rangi ya vitambaa miezi sita, lakini nani anasimama na nani hawalijadili hata dakika moja.

Jumanne, 10 Juni
Baridi. Hakuna kazi. Nimeihamisha meza ya studio kutoka dirishani kwenda ukutani, halafu nikairudisha.

Alhamisi, 12 Juni
Wateja wapya. Brenda ni binti wa Mama Elizabeti anayeuza vitenge karibu na mpaka. Mchumba wake ni Lusubilo, anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani, mtu wa Ileje, kule Mbebe milimani. Sendofu ya kumuaga itakuwa hapa Tunduma mwanzoni mwa Agosti, ndoa kanisani kwao Mbebe Septemba.

Brenda anaongea kwa wawili. Kila nilichouliza, Lusubilo alijibu, "Haina shida." Nimempenda. Wateja wa namna hiyo ni wachache.

Nikauliza lile swali ninalomuuliza kila mtu: kuna yeyote kwenye familia asiyetakiwa kusimama na mwingine? Brenda akasema upande wake hakuna, kwa sababu hakuna baba. Baba yake alikuwa dereva, alivuka mpaka yeye akiwa shule ya msingi, akaoa Ndola na hakurudi tena.

"Ndiyo maana nataka picha moja na baba mkwe wangu," akasema. "Mimi na yeye tu. Zingine zote zikiharibika poa."

Lusubilo aliangalia viatu vyake. "Haina shida," akasema.

Jumamosi, 28 Juni
Leo wamevalishana pete nyumbani kwa Mama Elizabeti, na sijui niandike nini kwanza.

Wageni wa Mbebe walifika mapema, wakiongozwa na baba mtu, Mzee Ambwene, mjane, na dada yake, Shangazi Ruti. Mzee ni mrefu, koti jeusi la zamani, kofia ya pama. Alichagua kiti cha pembeni kabisa mwa turubai na akakigeuza, akaipa meza kuu mgongo. Nikadhani anakwepa jua.

Ukafika wakati wa kunawisha wageni. Brenda akatoka na jagi na beseni, kitenge kipya, ameinama kwa adabu, akipiga goti kwa kila mmoja. Alipobakiza watu wawili kumfikia mzee, mzee akainuka. Akachukua kofia yake, akatoka nje ya turubai, akaenda kusimama getini akitazama foleni ya malori. Alisimama hapo mpaka Brenda aliporudi ndani.

Turubai zima liliona. MC akasema mzee ameenda kutafuta mtandao, watu wakacheka. Ajabu ni kwamba ndugu zake wa Ileje waliendelea kunywa soda kana kwamba hakuna kitu.

Nilimkuta Brenda nyuma ya nyumba, amejishika kwenye simtanki la maji.

"Dada Fides, umeona?"

"Nimeona, mdogo wangu."

"Nimemkosea nini? Hata kunitazama hajanitazama."

Nikasema labda tumbo linamsumbua. Uongo wa kitoto. Baadaye nilijaribu picha ya familia zote mbili, na kila nilipomaliza kupanga watu mzee alikuwa amepungua. Nimeshapiga walevi, nimeshapiga waliofiwa, lakini mtu mzima wa kukimbia picha ya mwanawe sijawahi. Mzee ana dharau. Naliandika hapa ili nisije nikajifanya sikuliona.

Jumapili, 29 Juni
Nimezipitia picha zote za jana. Zile ambazo Brenda yumo, mzee ni mgongo na kofia.

Jumatatu, 7 Julai
Mama kapiga simu kutoka Mbozi. Kahawa imeiva, mikono haitoshi. Halafu: "Wewe unawapiga picha wenzio tu, harusi yako lini?" Nikasema mtandao unakatika.

Jumanne, 15 Julai
Brenda anakuja studio kila siku sasa. Anakaa kwenye stuli ya wateja, anaangalia picha zilezile, ananiuliza maswali yaleyale. Leo nilifagia sakafu iliyo safi ili tu nisikae. Msichana anachosha kama mbu, na mbaya zaidi ana haki.

Nikampigia Lusubilo. "Baba ndivyo alivyo, dada, haina shida." Ndivyo alivyo vipi? Akasema kuna lori lake limefika, akakata. Lile "haina shida" lake limeanza kunikera.

Jumamosi, 19 Julai
Harusi ya mtu mwingine, Mkwajuni. Pikipiki ya MC ilizima njiani. Vumbi limeingia mpaka kwenye lenzi.

Jumamosi, 2 Agosti
Sendofu ya Brenda. Mzee Ambwene hakuja. Alimtuma Shangazi Ruti na gunia la maharage na mbuzi mweupe.

"Mbuzi mzuri," Mama Elizabeti akaniambia, "lakini mbuzi haongei."

Brenda alicheza, alikata keki, alimlisha mama yake, na kamera yangu haikuona tatizo. Nilipomsindikiza ndani kubadili nguo ndipo akasema, taratibu, kama mtu aliyekwisha kulimaliza jambo:

"Dada, mchungaji akiniuliza, sitasema ndiyo kwenye nyumba ambayo baba mtu hanitaki. Baba mmoja alishaniacha. Siendi kumtafuta wa pili aniache na yeye."

Upepo wa Agosti umeanza. Usiku kucha mabati yanalia na mimi nayasikiliza.

Jumanne, 5 Agosti
Nimefanya kitu na nimejipongeza mwenyewe.

Siku ya pete kulikuwa na picha moja ya mzee akiongea na mwanawe, Brenda akiwa ndani ya nyumba, uso wote wa mzee unaonekana, nusu anatabasamu. Nimemtoa pale kwa kompyuta, nikamsimamisha na Brenda wa sendofu. Kivuli nimekilaza upande unaotakiwa. Mkono wake ulikuwa unaning'inia vibaya, nikaunyanyua nikauweka begani kwa Brenda. Ukakaa vizuri sana. Mtu asiyejua angesema walisimama pamoja wakachekeana.

Nimewatumia wote wawili. Brenda amelia kwa furaha, ameiweka stetasi ya simu yake muda huohuo. Lusubilo ameiona na hajajibu.

Jumatano, 6 Agosti
Lusubilo bado kimya. Upepo umeangusha bango la studio.

Ijumaa, 8 Agosti
Nanenane, mji umefunga nusu. Nilikuwa juu ya ngazi napigilia bango niliposikia mtu anaita jina langu kutoka chini. Shangazi Ruti, na vumbi la Ileje kwenye viatu.

Alikataa soda. Alikataa hata kukaa.

"Wewe ndiye uliyemsimamisha kaka yangu na mkamwana wake?"

Nikasema ndiyo, nikitegemea shukrani.

"Na ule mkono?"

"Mkono niliuweka mimi, shangazi. Ulikuwa umekaa vibaya."

Hapo ndipo akakaa.

Kwao, akasema, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hawatazamani usoni, hawapishani kwenye njia moja, jina la mzee mkamwana halitaji. Mmoja akija huku, mwingine anaingia migombani. Mama yao yeye na Ambwene aliishi boma moja na baba mkwe wake mpaka anamzika, na uso wake hakuwahi kuutazama. Siyo ugomvi. Ni heshima, tena kubwa. Siku ya pete, binti alipokuwa anakuja na beseni, mzee ndiye aliyefanya la adabu: aliinuka akampisha.

"Sasa picha yako imezunguka Ileje yote," akasema. "Wazee wanamuuliza kama ni kweli alimshika. Mtu ambaye hajawahi kukosea njia tangu azaliwe. Kasema harusini haendi, atamwaibisha mtoto wa watu mara ya pili."

Nilitamani sakafu inimeze. Na mimi ni Mnyiha, jirani zao. Bibi yangu alikuwa akiona wakwe wanakuja barabarani anajitupa kwenye kahawa kama mwizi, nasi wajukuu tunamcheka. Nilidhani mambo hayo yalizikwa naye.

Alipoondoka nikampigia Lusubilo.

"Nilidhani Brenda anajua," akasema.

"Angejuaje? Amezaliwa hapa mpakani, baba mwenyewe hana. Ulimwona analia."

Akajibu kwa sauti ndogo: "Sikutaka aone natoka porini."

Nilikata simu kabla sijasema neno la kujutia.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimemwambia Brenda kila kitu. Nilitegemea atapumua. Kweli alipumua, akacheka hata, akasema, "Kumbe hanichukii." Halafu kicheko kikakauka usoni hapohapo nikiona.

"Kwa hiyo wiki zote hizi Lusu aliniangalia nalia, na neno moja la kunisaidia analo mdomoni, akalimeza."

Alifuta picha kwenye simu, akafunga begi, akavuka mpaka kwenda Nakonde kwa mama yake mdogo, Teresia. Mama Elizabeti anasema simu yake haipatikani.

Alhamisi, 14 Agosti
Lusubilo ameshinda studio. Mgongo umepinda. Hajasema haina shida hata mara moja. Nilitaka kumfukuza, nikampa chai.

Jumanne, 19 Agosti
Asubuhi nilikuwa nasafisha lenzi. Hodi. Nikaitikia bila kugeuka, na nilipogeuka kitambaa kilinidondoka. Mzee Ambwene, koti lilelile, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyenipa ule mkono?"

Nilianza kuomba radhi, maneno yanagongana. Akanyanyua kiganja kunituliza. Aliuliza kama picha bado ipo. Nikasema nimeifuta. Nikamuuliza kama aliiona, akashangaa.

"Nitaionaje? Ina uso wake. Niliambiwa tu."

Akakaa kwenye stuli ya Brenda, bila kujua ni ya nani. Nikaanza kupanga betri zilizokwisha kupangwa.

"Nimeambiwa binti alilia," akasema.

"Alilia sana, baba. Alidhani unamdharau."

"Mtu ninayemdharau namsalimia njiani napita zangu. Huyu niliinuka nikampisha, mbele ya watu wote. Kwetu hakuna salamu kubwa kuliko ile. Hakuna aliyeniambia kwamba hajui."

"Angeambiwa na nani?"

"Na mwanangu." Alizungusha kofia vidoleni. "Nilimlea asiwe na maneno mengi. Nikadhani nimelea vizuri."

Nikapata ujasiri wa kipumbavu. Nikamwambia siku hizi hata kwao wapo walioacha, wanasimama na wakamwana wao, wanapigwa picha na kula nao.

"Nawajua. Wengine ni rafiki zangu, na siwasemi," akajibu. "Lakini mimi sijui njia nyingine ya kumheshimu. Nikiiacha hii, nitampa nini?"

Hapo ndipo nilipoona nimekuwa nikimtazama vibaya tangu Juni. Nilimuita mtu wa dharau, na katika wote waliopita studioni msimu huu yeye peke yake ndiye aliyekuwa anamfikiria mwenzake. Nilisikia aibu, ile ya kweli, ya masikioni.

Akasimama kuondoka, akarudi nyuma hatua moja.

"Kama binti atakubali kuja, nitakuja na mimi. Ila kanisani kwetu uwanja ni mdogo. Nataka unipange. Uniambie nikae wapi, nipite wapi, saa ngapi nitoke. Nisipojua, mtoto wa watu atashinda anakimbiakimbia na gauni."

Miaka yote hii watu wameniuliza wasimame wapi ili waonekane. Hakuna aliyewahi kuniuliza akae wapi ili mwingine awe huru.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimevuka Nakonde. Sikuweza kukaa na maneno ya mzee siku ya pili, yalikuwa yananiwasha. "Mwaiseni," akanikaribisha Mama Teresia, akanielekeza nyuma. Brenda alikuwa anamenya viazi, amekonda.

Nilimweleza bila kuongeza chumvi. Alimenya kiazi kizima bila kuinua macho, akachukua kingine.

"Alisema hivyo kweli? Kwamba salamu kubwa ilikuwa ile?"

"Alisema hivyo."

Alimenya tena. Kisu kikamteleza, akanyonya kidole.

"Mwambie Lusu aje mwenyewe," akasema. "Na asije na haina shida yake."

Jumatatu, 25 Agosti
Lusubilo kavuka jana. Sina habari. Nimeosha mapazia.

Jumatano, 3 Septemba
Wamekuja wote wawili. Brenda ana macho mekundu na Lusubilo sauti imemkauka, na nimependa hali zao zote mbili. Walikaa wakachora uwanja wa kanisa nyuma ya bahasha: mlango huu, migomba ile, jiko pale, baba atapita huku. Nani ni shangazi wa kuitwa kwanza, nani hasimami na nani, nani akikohoa mara mbili maana yake mzee anakuja. Nilikuwa nasema tu "enhe". Lusubilo aliongea mpaka Brenda akamwambia, "Basi, tumekuelewa," na akamgonga goti kwa goti lake.

Walipoondoka Brenda alibaki mlangoni kidogo.

"Ile picha na baba mkwe nimeshaisamehe," akasema. "Sitaipata, najua. Ila inauma, dada. Najua sasa ni heshima, na bado inauma."

Jumatano, 17 Septemba
Joto. Siwezi kula. Utadhani naolewa mimi.

Jumapili, 21 Septemba
Naandika nikiwa bado Mbebe, nyumbani kwa Shangazi Ruti, miguu imevimba.

Kila kitu jana kilikwenda sawa, na hilo lilinitia wasiwasi kutwa. Bi harusi alifika kabla ya mchungaji. Lusubilo mwenyewe alisimama ubavuni mwangu akiita ukoo wake jina kwa jina, sauti inatoka mpaka ng'ambo ya kilima, hakuna mgeni hata mmoja aliyejichomeka. Mchungaji alipouliza, Brenda alisema ndiyo kabla swali halijaisha, watu wakacheka. Mzee alikaa nyuma kabisa nyuma ya nguzo tuliyokubaliana, macho kwenye kitabu cha nyimbo.

Nje tulipiga awamu mbili. Kwanza bi harusi na ukoo wote, mzee akiwa migombani. Halafu Shangazi Ruti akakohoa mara mbili, Brenda akajifunika shela akaingia nyumba ya pembeni mwa kanisa na wapambe wake, mzee akatoka, akasimama na mwanawe na ndugu zake. Alisimama vizuri huyo mtu, utadhani amezaliwa mbele ya kamera. Hakuna aliyekimbia wala kukwaza gauni. Lakini kila nilipobonyeza nilikuwa najua kinachokosekana, na Lusubilo alikuwa anajua, na hatukutazamana.

Chakula kikaanza kupakuliwa. Nilikwenda nyuma ya ile nyumba, karibu na jiko la nje, kubadilisha betri. Nikasikia mtu anakohoa, kikohozi cha kiume. Mzee.

"Mwanangu. Picha za binti zimo humo ndani ya kamera?"

"Zimo, baba. Zote."

Alimtazama dada yake aliyekuwa anakoroga nyama kwenye sufuria kubwa. Hakumuuliza kitu, ila dada mtu alijibu.

"Mimi napika," Shangazi Ruti akasema, na akatugeuzia mgongo sote.

Mzee alivua kofia akaiweka juu ya gogo, akafuta mikono kwenye koti, akapokea kamera kwa mikono miwili. Nikamwonyesha kidude cha kubonyeza. Akapita picha ya kwanza, ya pili, Brenda na shela, Brenda na mama yake. Akafika ile ambayo Brenda amekanyaga kiatu cha Lusubilo na kuangua kicheko, kichwa nyuma, meno yote nje. Hapo mzee akaacha kubonyeza. Aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akaikinga jua kwa kiganja.

"Kumbe ana mwanya," akasema.

"Anao, baba."

"Mama yake Lusubilo alikuwa nao."

Sikuthubutu kusogea. Macho yangu yalipita juu ya bega lake, yakaona pazia la dirisha la nyumba limefunuliwa, na Brenda amesimama ndani, shela imemwangukia shingoni, simu ameinyoosha mbele kwa mikono yote miwili. Kwenye simu yake kutakuwa na mgongo wa koti jeusi, kichwa chenye mvi, na mbele yake, kwenye kioo kidogo cha kamera yangu, nusu akifichwa na bega, yeye mwenyewe anacheka.

Simu ikatoa mlio wa kupiga picha. Mzee aliusikia. Niliona mabega yake yanashtuka, na nikaona anajizuia kugeuka. Alichukua kofia kwenye gogo akaivaa, akaiweka sawa, akanyoosha mgongo. Halafu akaiinua kamera na kuisogeza kidogo pembeni, mpaka uso wa Brenda kwenye kioo ukaacha kufichwa na bega lake, akaishikilia hapo, akasubiri apigwe tena.